Ushenga wa Upatanisho Katika Bonde la Kilombero

Upatanisho, katika mafundisho ya Kikristo, ni kazi ya Mungu kabla haujawa kazi ya binadamu. Mtume Paulo, katika sura ya 5 ya barua yake ya pili kwa Wakorintho, anafundisha kwamba Mungu ndiye aliyeanza kumtafuta binadamu kwa njia ya Kristo, kisha akawakabidhi waliopatanishwa huduma ya kuwapelekea wengine habari hiyo, wakiwa wajumbe wa aliyewatuma. Mkristo anayemsaidia mwenzake arudi kwa Mungu hatengenezi amani kwa ufundi wake mwenyewe. Anapeleka neno la amani ambalo limekwisha kutolewa.

Watu wa Ifakara na vijiji vya bonde la Kilombero wanamfahamu mtu wa kazi ya namna hiyo: mshenga. Katika posa, mshenga hutumwa na upande mmoja na kupokewa na mwingine, husema maneno ambayo hakuyatunga, huvumilia kuzungushwa na kuambiwa aje siku nyingine, na shughuli ikitimia hukaa pembeni. Si yeye anayeoa, wala si yeye anayepanga mahari. Akianza kuweka masharti yake, posa huharibika. Juhudi nyingi za kuwarudisha watu kundini huharibika kwa sababu hiyohiyo: mjumbe amejifanya mwenye shughuli.

Wengi hudhani kazi hii ni ya padre, mchungaji au katekista peke yake. Jiografia ya bonde inakataa. Ardhi oevu ya Kilombero, iliyoingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 8,000. Upande mmoja vijiji vimefuatana kuanzia Kidatu na Mang'ula hadi Mlimba. Ng'ambo ya Mto Kilombero kuna Lupiro, Malinyi na Mahenge. Jimbo Katoliki la Ifakara lilimegwa kutoka Jimbo la Mahenge mwaka 2012, na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lina Dayosisi ya Ulanga Kilombero yenye makao yake Ifakara, hivyo uongozi wa kanisa umesogea karibu zaidi. Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilifunguliwa mwaka 2018 na kuwaondolea wasafiri adha ya kusubiri pantoni pale mtoni. Hata hivyo masika yakikolea, njia za kwenda vijiji vya ndani hujaa maji na tope, na kigango kinaweza kukaa muda mrefu bila kumwona padre. Anayejua kwamba fulani hajaonekana kanisani miaka mitatu ni jirani yake.

Kwa Wakatoliki, mahali pa kuanzia ni jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo, ambayo maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, waliifanya kipaumbele cha uchungaji mwaka 1976. Familia chache zinazosali pamoja nyumba kwa nyumba hugundua pengo mapema. Lakini kugundua pengo ni jambo moja, na kulielewa ni jambo lingine. Mkulima wa mpunga asiyeonekana kuanzia Februari hadi Juni huenda hajaasi chochote. Kaya nyingi huhamia mashambani, hulala vibandani, na mpunga ukianza kutoa masuke mtu hawezi kuacha kuamia ndege hata Jumapili, maana asubuhi moja ya kwelea kwelea inatosha kula chakula cha mwaka. Kumwita mtu huyo mlegevu wa imani mbele ya wenzake ni kumfukuza aliyekuwa hajaondoka. Anayetaka kumjua vizuri amfuate huko shambani na mundu mkononi, avune naye siku moja. Maneno yatakayosemwa siku hiyo yatakuwa machache, lakini yatasikika kuliko hotuba ya saa nzima.

Kabla ya kwenda, mjumbe hujikagua. Yesu, katika sura ya 5 ya Injili ya Mathayo, anamwagiza mwenye ugomvi na ndugu yake aache sadaka mbele ya madhabahu, akapatane kwanza. Agizo hilo linamgusa mjumbe kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu kijijini hakuna ugomvi wa siri. Mama asiyesalimiana na wifi yake hatasikilizwa akihubiri msamaha mtaa huohuo. Kuna kizuizi kingine kisichotajwa mara nyingi, nacho ni deni. Mtu aliyemkopesha mwenzake fedha wakati wa kulima, ili alipwe magunia wakati wa mavuno, asiwe yeye wa kumwendea kuzungumzia toba. Mdeni atamsikiliza kwa adabu na kuitikia kila neno, ilhali moyoni anahesabu magunia. Atafutwe mtu mwingine.

Kumchagua wa kwenda kunahitaji utulivu. Mwenyekiti wa jumuiya si lazima awe yeye. Mara nyingi cheo chake huifanya ziara ionekane kama wito wa ofisini. Kijana amwendee mzee kwa heshima na shikamoo yake, lakini mambo mazito ya mzee ni afadhali yaguswe na mzee mwenzake. Mwanamke mwenye shida ya ndoa aendewe na wanawake. Na pale penye utani wa makabila au wa ukoo, mtani ni hazina isiyotumiwa vya kutosha. Mila humruhusu kusema ukweli msibani na kwenye sherehe bila kuchukiwa, na neno ambalo likitoka kinywani mwa katekista lingekuwa shutuma, likitoka kwa mtani hupokewa kwa kicheko kwanza, na kutafakariwa usiku.

Ziara ya kwanza haifai kuanza na kanisa. Huanza na hali ya nyumbani, watoto, mvua, bei ya mpunga, mgonjwa kama yupo. Mjumbe akae alipokaribishwa na ale alichopewa. Asiulize mbele ya watoto kwa nini baba yao haendi kusali. Mwenye nyumba akilifikia jambo lenyewe, kazi ya mgeni ni kusikiliza hadi mwisho bila kutetea taasisi. Pengine atasikia kwamba mtu huyu alifiwa na mtoto na hakuna aliyefika kumzika. Pengine atasikia kuhusu kiongozi aliyemdhalilisha hadharani. Jibu la haraka hapo huua mazungumzo. Kama kanisa limekosa kweli, mjumbe aseme wazi kuwa limekosa, na aombe radhi kwa niaba ya wenzake. Hakuna hatua inayofungua mlango upesi kama hiyo, na hakuna inayokwepwa zaidi.

Anachosikia hakimilikiwi na jumuiya. Padre anayepokea maungamo amefungwa na siri ambayo sheria ya kanisa haiiruhusu kuvunjwa kwa sababu yoyote. Mlei hafungwi na siri ya sakramenti, lakini anafungwa na uaminifu wa aliyeaminiwa. Kutangaza katika sala za jumuiya kwamba ndugu fulani aombewe kwa sababu ya mambo aliyomweleza mtu mmoja chumbani ni umbea uliopigishwa magoti. Akitajwa, atajwe kwa jina lake tu na kwa upendo, mengine yaachiwe Mungu anayeyajua.

Vizuizi vinavyowaweka watu mbali vinajulikana, na vingine ni vyepesi kuliko wanavyodhani wenyewe. Wapo wanaojificha kwa sababu hawajatoa zaka na michango ya miaka kadhaa, wanaogopa kusomwa majina au kuulizwa kadi, na wanaamini kuwa wakifa hawatazikwa na kanisa. Msamaha wa Mungu hauna ada. Mjumbe amweleze hivyo pasipo kigugumizi, na amshirikishe kiongozi wa kigango ili suala la michango litatuliwe kwa faragha, tena baadaye, lisiwe geti la kuingilia.

Ndoa ni kizuizi kikubwa zaidi. Watu wengi huishi pamoja miaka mingi, wana watoto na mashamba, lakini hawajafunga ndoa kanisani, na kwa sababu hiyo Wakatoliki miongoni mwao hawapokei Komunyo. Ukiwauliza, sababu huwa mbili: mahari haijakamilika, na fedha za harusi hazipo. Sababu ya pili ni mzigo ambao watu wamejitwisha. Ndoa ya Kikatoliki, kwa kawaida, inahitaji watu wawili walio huru kuoana, mhudumu wa kanisa na mashahidi wawili. Kamati, ukumbi, sare na keki havimo. Inaweza kufungwa katika Misa ya asubuhi siku ya kazi, na wahusika wakarudi nyumbani kunywa chai na jirani zao. Jumuiya inayoitaka ndoa hiyo kwa dhati ijitolee kuwa mashahidi na kupika ubwabwa, na harusi hiyo isichekwe kwa udogo wake. Kuhusu mahari, mshenga wa upatanisho anaweza kurudia ushenga wa asili kabisa: awaendee wazazi wa mke, awaombe wakubali kwamba deni linabaki deni, lakini baraka isisubiri ng'ombe wa mwisho.

Hali ni tofauti pale mmoja wao alipokuwa na ndoa ya kwanza kanisani, au mume ana wake wawili. Hapo mlei asiahidi kitu na asihukumu kitu. Kazi yake ni kumfikisha mhusika kwa paroko, ambaye ataangalia kama kuna jambo la kupelekwa kwenye mahakama ya kanisa. Mwaka 2015 Papa Fransisko alirahisisha mwenendo wa mashauri ya ubatili wa ndoa: hukumu moja inatosha pasipokuwa na rufani, na majimbo yakahimizwa kuhakikisha huduma hiyo haiwalemei watu kwa gharama. Wengi vijijini hawajui kwamba mlango huo upo. Lililo baya kabisa ni mjumbe mwenye ari kumwambia mwanamume amfukuze mama watoto ili awe safi. Watoto wanaobaki bila chakula hawawezi kuwa ada ya usafi wa mtu. Hata mtu asiyeweza kupokea sakramenti kwa sasa anakaribishwa kusali, kulisikiliza Neno, kulea watoto katika imani na kusaidia wenye shida, na aelezwe hivyo kwa maneno yanayoeleweka.

Kisha kuna ugomvi wa ardhi, ambao bondeni umekula urafiki wa watu wengi. Mpaka wa shamba umesogezwa. Ng'ombe wameingia kwenye mpunga. Wandamba, Wapogoro na Wambunga waliokulia hapa wanaishi na wakulima na wafugaji waliotoka mbali, Wasukuma wakiwa wengi miongoni mwao, na operesheni ya mwaka 2012 ya kuondoa mifugo kwenye ardhi oevu iliacha majeraha pande zote. Katika kigango kimoja wanaweza kuwapo wawili wasiopeana mkono wa amani kwa sababu ya magunia kumi yaliyoliwa na mifugo. Wote wawili wanasema hawana shida na Mungu. Injili haiwaruhusu kusema hivyo: Zakayo, katika sura ya 19 ya Luka, alipopokea wokovu alianza mara moja kutaja kiasi atakachorudisha.

Kiasi ndilo jambo la kushika. Upatanisho wa shamba unaoishia kwenye sala na kukumbatiana hudumu mpaka msimu ujao. Mjumbe awasaidie wahusika kwenda pamoja shambani, wapime hasara, waitaje kwa magunia au kwa shilingi, wakubaliane itarudishwaje na lini, na mtu wa tatu aandike. Kama hawaelewani, kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba wakiwamo wanawake wasiopungua watatu, ambalo kazi yake ni usuluhishi. Baraza la Kata nalo, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, linasuluhisha migogoro ya ardhi bila kuitolea hukumu. Kuvitumia vyombo hivyo si upungufu wa imani. Wakishamaliza hesabu, maneno ya samahani yatakuwa na mahali pa kukaa.

Tuhuma za uchawi ni jambo zito kuliko yote, kwa sababu zinamtenga mtu na watu na kumfanya ajione ametengwa na Mungu pia. Wilaya za Ulanga na Malinyi zinajulikana kwa desturi ya kunyolewa: watuhumiwa, na mara nyingi waliowatuhumu pia, hupelekwa kwa mganga, wakanyolewa nywele na kunyweshwa dawa ili uchawi uishiwe nguvu. Wanaokwenda huko wana haja ya kweli, nayo ni kuishi tena na jirani bila hofu, na Mkristo anayedharau haja hiyo hatasaidia mtu. Lakini bibi aliyenyolewa hubaki na alama ya aliyeshukiwa. Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu 1928, inamfanya mwenye kumtaja mwingine kuwa mchawi kuwa mkosaji. Mjumbe basi asibebe jina la mtuhumiwa kutoka nyumba moja kwenda nyingine hata kwa nia njema. Aanze kwa mtuhumiwa. Amtembelee mchana kweupe, aketi barazani, ale chakula chake mbele ya macho ya wapita njia. Kijiji kizima kitaelewa maana ya tonge hilo. Jumuiya ikikubali sala ya wiki ifanyike nyumbani kwa bibi huyo, imefanya zaidi ya mahubiri mengi dhidi ya ushirikina. Anayetuhumu naye afuatwe, kwa kuwa nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna msiba ambao haujaliliwa vya kutosha.

Kuna mambo ambayo mjumbe haruhusiwi kuyamaliza. Mtoto aliyenajisiwa, mke anayepigwa, binti aliyepewa mimba na mlezi wake: haya si ya kusuluhishwa sebuleni kwa mbuzi na sala. Yapelekwe polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ipigwe. Mkosaji anaweza kutubu na Mungu akamsamehe akiwa mahabusu. Kumlazimisha aliyeumizwa atamke msamaha ili familia isiaibike ni kumjeruhi mara ya pili, na kumfanya amwone Mungu yuko upande wa aliyemuumiza.

Wagonjwa wanahitaji upole wa pekee. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko Ifakara hupokea watu kutoka bonde zima, na wodini watu huanza kufikiria mambo waliyoyaahirisha. Mjumbe aulize kama mgonjwa angependa kumwona padre au mchungaji wa kanisa lake, kisha akubali jibu. Kwa Wakatoliki, mtu aliye katika hatari ya kufa anaweza kuondolewa dhambi na padre yeyote, hivyo hakuna sababu ya kusubiri paroko wa kijijini kwao. Kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, onyo moja lisisahaulike kamwe: msamaha wa dhambi hauthibitishwi kwa kuacha dawa. Anayemwambia mgonjwa kwamba ametakaswa na hivyo hahitaji tena vidonge hakutumwa na Mungu kusema hivyo.

Mtu akisha kuwa tayari, mjumbe amkabidhi. Kwa Mkatoliki, hatua hiyo ni Sakramenti ya Upatanisho, ambayo wengi huiita Kitubio. Aliyekaa mbali miaka mingi mara nyingi haogopi dhambi zake kama anavyoogopa kusahau maneno. Aambiwe kwamba padre atamwongoza, kwamba anaweza kusema tu ni muda gani umepita, na kwamba mambo yaliyosahaulika kwa dhati hayamzuii. Mjumbe amsindikize hadi kanisani, aketi benchi la mbali, na asiulize baadaye amepewa malipizi gani. Katika KKKT, mhusika huonana na mchungaji, na kwa aliyekuwa ametengwa, kurudi kundini kunaweza kufanyika mbele ya usharika; aandaliwe mapema ajue atasimama wapi na ataulizwa nini, asishtukizwe. Aliyekwisha kuhamia kanisa lingine na anasali huko kwa amani aachwe asali.

Papa Benedikto wa 16, katika waraka Africae Munus wa mwaka 2011, alilitaka kanisa la Afrika liwe na siku au wiki ya upatanisho kila mwaka, hasa katika Majilio au Kwaresima. Bondeni, Majilio huangukia kwenye maandalizi ya mashamba, na Kwaresima kwenye palizi na mafuriko. Kigango kinachoongeza siku nyingine Julai au Agosti, mpunga ukiwa ghalani na njia zikiwa kavu, kitawapata watu ambao Kwaresima haiwapati, na walio na madeni ya kulipa watakuwa na cha kulipia.

Wapo watakaokataa. Mjumbe asitishie kwa mazishi wala kwa moto wa milele. Aendelee kusalimia, kwenda msibani, kuazima jembe na kuazimwa. Mshenga aliyerudishwa mara mbili hurudi mara ya tatu, ila huacha siku zipite.

Aliyerudi naye asiachwe baada ya Jumapili ya kwanza. Asifanywe mfano wa kusimuliwa wala kuombwa ushuhuda kabla hajatulia. Aambiwe wiki hiyo sala ya jumuiya iko kwa nani, apitiwe njiani, apewe somo asome au kazi ya kufanya kigangoni, iwe kufyeka uwanja au kuchota maji ya kupikia wageni. Na asiulizwe alikuwa wapi.